Ndoo Mbili, Moja ya Mlimani na Moja ya Ziwani

Asubuhi moja ya mwezi wa pili, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, niliteka ndoo ya maji kwenye kijito pembezoni mwa mji wa Mbinga. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mchana wa siku hiyohiyo nilikuwa Mbamba Bay, baada ya kuteremka kama kilomita 66 za kona, na mama mwenyeji wangu alinikaribisha kwa bilauri ya maji ya ziwa. Meupe kabisa. "Kunywa tu mwanangu," alisema baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Maji haya, hata kokoto za chini unazihesabu."

Nilimshukuru, nikaiweka bilauri mezani, nikaanza kutafuta namna ya kumwambia mtu mzima, nyumbani kwake, kwamba kokoto zile hazijathibitisha kitu.

Maji kuwa maangavu maana yake nini? Ni kwamba mwanga unapita humo bila kugongana na vitu vingi njiani. Maji ya Mbinga yalikuwa ya kahawia kwa sababu yalijaa chembe za mfinyanzi, na kila chembe hutawanya mwanga kidogo. Bakteria naye hutawanya mwanga, lakini ni mdogo mno, urefu wake ni sehemu moja au mbili kati ya elfu za milimita, na mwili wake kwa sehemu kubwa ni maji. Ili maji yaanze kuonekana na ukungu, wanahitajika bakteria kiasi cha milioni 10 katika kila mililita moja. Wakiwa laki moja kwa mililita, bilauri ya robo lita ina bakteria milioni 25, na bado utahesabu kokoto. Sasa linganisha na kijidudu cha kuhara damu kiitwacho Shigella: chini ya mia moja wanatosha kumlaza mtu kitandani. Kwa hiyo jicho ni kipimo kizuri cha tope, na kwa ugonjwa ni kipofu. Maabara nazo hazimtafuti kila kijidudu. Zinatafuta E. coli, bakteria wa matumbo ya watu na wanyama, na katika maji ya kunywa anatakiwa asionekane hata mmoja kwenye mililita 100. Akiwepo, kinyesi kimepita hapo, na kilichopita nacho hakijulikani.

Turudi kwenye ndoo ya kahawia, maana ina somo lake. Watu husema maji yakitulia yatajichuja. Ni kweli nusu. Chembe ya mchanga mwembamba, yenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita, huzama sentimita 30 za ndoo kwa nusu dakika hivi. Chembe ya mfinyanzi yenye upana wa sehemu ya elfu moja ya milimita ni ndogo kuliko hiyo mara 100. Ungetarajia izame polepole mara 100. Sivyo. Uzito unaoivuta chini hupungua kwa ujazo, yaani 100 mara 100 mara 100, ambayo ni milioni moja, wakati ukinzani wa maji unaoizuia hupungua mara 100 tu. Gawanya: kasi inapungua mara 10,000. Ile nusu dakika inageuka kuwa karibu siku nne, na hapo ndoo isiguswe na mtu, wala maji yasizunguke kwa joto la mchana. Bakteria ndiye hatulii kabisa, kwa kuwa uzito wake unakaribiana na wa maji, na wengine wana mikia ya kuogelea.

Wamatengo, wenyeji wa milima ya Mbinga, wameijua hesabu hii kwa mikono zaidi ya karne moja. Ngolo zao, yale mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki kwenye miteremko mikali, hutengenezwa kwa kulaza nyasi zilizofyekwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo unachimbwa katikati na kufukia nyasi. Mvua ikishuka hukuta shimo. Maji yakisimama, udongo uliobebwa unabaki shimoni na maji yanapenya ardhini taratibu. Mtu aliyebuni ngolo alikuwa anatafuta mahindi na maharage, si maji ya kunywa, lakini alichojenga ni maelfu ya madumu ya kutulizia maji yakiwa yamepangwa juu ya mlima. Mlima wa ngolo zilizotunzwa hautoi kijito cha rangi ile niliyoiona. Kwangu mimi, hiyo ni miundombinu ya maji kama ilivyo bomba.

Mfinyanzi una ukaidi mwingine. Kila chembe imebeba chaji hasi ya umeme usoni mwake, na chaji zinazofanana hufukuzana, hivyo chembe hazishikani zikawa bonge zito. Shabu hulimaliza tatizo hilo: ikiyeyuka hutoa chaji chanya, chembe zinaacha kufukuzana, zinaungana, na bonge likishakuwa kubwa ile hesabu ya kasi inageuka upande wetu. Mbegu za mlonge zilizotwangwa hufanya kazi hiyohiyo kwa protini yenye chaji chanya, na mlonge hupenda joto la ziwani kuliko baridi ya Mbinga. Uzuri wake una mpaka: maji yatakuwa meupe baada ya saa moja au mbili, na vijidudu vingi vitazama na tope, si vyote. Tumerudi kwenye bilauri ya mama yangu wa Mbamba Bay.

Kuua kunahitaji kitu kingine, na kitu cha zamani kuliko vyote ni moto. Yai bichi lina ute mwepesi. Ukilichemsha ute unaganda na hakuna njia ya kuurudisha. Protini za bakteria ni za jamii hiyo. Wengi wa vijidudu vya tumboni hufa ndani ya dakika chache kwenye nyuzi 65, na kwa sekunde tu kwenye nyuzi za juu zaidi. Hapa huja swali ambalo mwanafunzi mmoja wa Mbinga aliniuliza, na ni swali zuri: kama maji ya mlimani huchemka kwenye joto dogo kuliko ya pwani, yanafaa kweli? Hewa ya juu ni nyepesi, inayakandamiza maji kwa nguvu ndogo, na kila mita 300 hivi za mwinuko hupunguza nyuzi moja. Mbinga, iliyo zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 au 96. Ziwani, mita 475 hivi, ni nyuzi 98 na nusu. Maharage yatakuambia tofauti, maana Mbinga hukawia jikoni. Bakteria hawataiona. Wamekufa kabla sufuria haijaanza kutokota; ule mtokoto tunauhitaji kwa sababu jikoni hatuna kipimajoto, nao ni ishara tosha kwamba mpaka umevukwa.

Juu ya moto nina neno la pembeni, nalo halina mzaha. Mwezi wa sita na wa saba Mbinga ni baridi, na jiko la mkaa lililochemsha maji huingizwa chumbani lipashe joto, mlango ukafungwa. Mkaa unaoungua kwa hewa kidogo hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayong'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Mtu huanza na kichwa kuuma na usingizi, na usingizi ndio unaomzuia kuamka akafungue mlango. Jiko likae nje mpaka life.

Mkaa ni ghali, na ndiyo maana dawa ya klorini, Waterguard na wenzake, ina nafasi yake. Klorini ikiingia kwenye maji hufanya asidi isiyo na chaji. Ngozi ya bakteria ina chaji hasi, inakifukuza kila chenye chaji hasi, lakini kisicho na chaji hupenya, na kikiwa ndani kinavuruga mashine za uhai. Kazi hii huchukua nusu saa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au paketi. Shida ni kwamba klorini haichagui. Humaliza nguvu zake kwa chochote kinachooza: matope yenye mboji, majani, na msimu wa kahawa ule ute mtamu unaooshwa kwenye buni na kumwagwa karibu na vijito. Dawa ukiitia kwenye ndoo ya kahawia, itapigana na takataka na kuisha kabla haijamfikia bakteria. Tuliza kwanza, chuja, ndipo utie. Harufu hafifu ya klorini baada ya nusu saa, ile wengi wanayoilalamikia, ni habari njema: askari wamebaki.

Sasa ziwani. Ziwa Nyasa ni angavu kwa sababu tabaka lake la juu lina virutubisho vichache, hivyo mimea midogo ya majini nayo ni michache. Lina kina cha mita 700 hivi, na chini ya mita 250 hakuna oksijeni kabisa. Lakini hakuna mtu anayeteka maji katikati ya ziwa. Tunateka pale mitumbwi inapoegeshwa, vyombo vinapooshwa na watoto wanapooga. Kijidudu cha kipindupindu kinapenda kukaa juu ya wadudu wadogo wanaoelea majini, na hapo ukubwa unatusaidia: mdudu wa nusu milimita hawezi kupita kwenye kitambaa. Huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba sari kuukuu ya pamba, ikikunjwa matabaka kadhaa na kuchujia maji, ilipunguza kipindupindu karibu nusu. Kuukuu, kwa kuwa nyuzi zilizochakaa hufumuka na kuziba matundu. Kanga ya zamani ina sifa hiyohiyo. Nusu si yote, kwa hiyo baada ya kanga bado kuna moto au dawa. Ila ng'ambo ya ziwa, Malawi, mlipuko ulioanza mwaka 2022 uliua watu zaidi ya 1,700, na katika hesabu ya namna hiyo nusu ni watu wengi.

Kichocho hakingoji kunywewa. Konokono wa ziwani hutoa vimelea vinavyopenya ngozi ya anayeoga. Vimelea hivyo havili chakula; vinaishi kwa akiba vilivyotoka nayo kwa konokono, nayo huisha ndani ya siku moja hadi mbili. Maji ya kuoga yakilala kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili, bila konokono ndani, vimelea vimekufa kwa njaa. Hakuna kuni, hakuna dawa. Mama aliposikia hilo alicheka. "Kumbe pipa la marehemu baba yenu lilikuwa hospitali!"

Tuliongea mpaka jua likashuka upande wa Malawi. Alichemsha maji, akayapoza, akayamimina kwenye mtungi wake wa udongo, ambao huyapoza kwa kuvuja jasho. Kisha mjukuu wake akaja mbio kutoka ufukweni, mikono ina mchanga na magamba ya usipa, akachovya kikombe mtungini hadi kwenye vifundo vya mkono.

Mama alinitazama. Sikusema kitu. Aliinuka, akaenda ndani, akarudi na ndoo yenye koki iliyokuwa inatunza unga.