Mkufunzi Naye Hufundishwa Kufundisha

Katiba ya 2010 iliziachia kaunti vyuo vya ufundi vya mitaani, vikiwemo vya Kangemi na Waithaka. Wakazi hutazama majengo na mashine. Ni nadra mtu kuuliza mkufunzi alifunzwaje kufundisha.

Mtu anaweza kuwa fundi stadi wa umeme na bado asitambue kwa nini kijana anakosea kuunga nyaya. Mkono wake umezoea mno. Hatua anazoziruka ndizo mwanafunzi anazohitaji. Kosa hilo likimfuata kijana kazini, nyumba ya mtu huungua.

Mafunzo ya ualimu wa ufundi, kama yanayotolewa katika chuo cha wakufunzi kilichoko Gigiri, humzoeza kuigawa kazi: aionyeshe polepole akieleza, mwanafunzi airudie akitazamwa, kisha aifanye peke yake.

Lakini kozi moja haitoshi. Kinachosaidia zaidi, kwa maoni yetu, ni mkufunzi mwenzake kuketi nyuma ya karakana saa moja, atazame, kisha wazungumze. Gharama yake ni muda, nao sharti uwekwe kwenye ratiba.

Mzazi, unapokwenda kumwandikisha mwanao, uliza: wakufunzi hapa hutazamana wakifundisha? Mara ya mwisho walikwenda mafunzoni lini?