Kabla ya Kununua Gari, Kokotoa Mafuta Yake

Mnunuzi wa gari lililotumika kutoka Japani huulizia bei, ushuru na mwaka wa kutengenezwa. Suala la mafuta huja baadaye, mara nyingi gari likiwa limekwisha kuegeshwa nyumbani.

Petroli na dizeli yote itumikayo Tanzania huagizwa kutoka nje. Bei ya kituoni hufuata soko la dunia, gharama za meli hadi Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na thamani ya shilingi kwa dola. Kisha huongezwa kodi na tozo. Ndiyo maana EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, Jumatano ya kwanza. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita na Serikali ikatoa ruzuku. Mkazi wa Kigoma hulipa zaidi ya yule wa Dar es Salaam, kwa kuwa mafuta humfikia baada ya safari ndefu ya barabara.

Bei hiyo huna uwezo nayo. Ulaji wa gari unaweza kuuchagua. Tuseme unatembea kilomita 1,500 kwa mwezi. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita litahitaji lita 187.5, linalokwenda kilomita 15 litahitaji lita 100. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000, tofauti ni shilingi 262,500 kwa mwezi, au 3,150,000 kwa mwaka. Punguzo la milioni mbili ulilopewa na muuzaji litakwisha ndani ya miezi minane. Bei ikipanda kwa shilingi 500, gari la kwanza litakuongezea 93,750 kwa mwezi, la pili 50,000.

Usitegemee mno takwimu za tangazo la muuzaji. Zilipimwa gari likiwa jipya, tena maabara, pasipo foleni. Muulize mwenye gari la aina hiyo ajaze tanki, aandike kilomita, na akijaza tena agawanye kilomita alizotembea kwa lita alizoongeza.

Gesi asilia nayo ifikiriwe. Huchimbwa hapa nchini, Songosongo na Mnazi Bay, hivyo haingojei meli. Hata hivyo, vituo vingi vya kuijazia viko Dar es Salaam, na mtungi hula nafasi ya mizigo kwenye buti. Anayesafiri mikoani mara kwa mara aulize kwanza kama njiani kuna kituo, na kama mfumo wa petroli utabaki ukifanya kazi baada ya gari kufungwa gesi.