Usiiache Dawa Katika Wiki ya Pili

Mdogo wangu wa Nyandira, ujumbe wako nimeusoma hadi mwisho. Umeteremka mjini Morogoro, daktari amekupima, amekuambia una sonona na kukuandikia fluoksetini, kidonge kimoja kila asubuhi. Sasa uko wiki ya pili. Tumbo linachafuka, usingizi unakatikakatika, na ule uzito wa moyo uko palepale. Jirani naye amekuambia uachane na vidonge, ule ndizi mbivu kwa wingi, kwani ameona kwenye simu kwamba zina serotonini, “homoni ya furaha”. Unaniuliza kama uache.

Usiache. Lakini sitaki uendelee kwa sababu dada kasema tu. Nataka ujue kidonge hicho kinafanya nini kichwani mwako, na kwa nini kinachelewa. Wenzako wa Kihonda na wa vyuoni Mzumbe na SUA wananiuliza swali hilohilo, basi nao wasome.

Tuanze na serotonini, kwani kidonge chako hufanya kazi kupitia kwayo. Ilitengwa kutoka kwenye damu. Mwaka 1948, huko Cleveland, Marekani, Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page waliitenga walipokuwa wakitafuta kitu kinachobana mishipa ya damu. Furaha haikuwa katika mawazo yao. Mwaka 1953 ndipo Betty Twarog na Page walipoonyesha kwamba imo pia kwenye ubongo. Na hadi leo watu wengi hawajui kwamba zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko tumboni, ambako inasaidia utumbo kusukuma chakula. Ya ubongoni ni kidogo, na inatengenezwa hukohuko, na seli chache zilizo katika shina la ubongo, juu kidogo ya shingo. Matawi ya seli hizo yanasambaa karibu ubongo mzima.

Seli moja inapotaka kuzungumza na nyingine, humwaga serotonini kwenye mwanya mdogo ulio kati yao. Upande wa pili kuna vipokezi. Hizo ni protini zilizochomekwa kwenye ngozi ya seli, sehemu ikitazama nje na sehemu ikitazama ndani. Serotonini ikikaa kwenye kipokezi, umbo la kipokezi hubadilika, na badiliko hilo ndilo linaloipa seli habari. Serotonini yenyewe haiingii ndani. Ikishafikisha ujumbe huachia, kisha protini nyingine huifyonza na kuirudisha kwenye seli iliyoimwaga.

Hapa ndipo jina la “homoni ya furaha” linapowapotosha watu. Wewe ni mtoto wa Uluguru, unajua mvua moja inavyofanya kazi tofauti kila inapofika: Mgeta inanywesha kabichi na karoti, kwenye mteremko uliokatwa miti inaporomosha udongo, na ikishaingia Mto Ruvu inakwenda kuwanywesha watu wa Dar es Salaam. Serotonini nayo ni ileile, na kazi yake inaamuliwa na kipokezi kinachoipokea. Wanasayansi wamehesabu aina zisizopungua 14 za vipokezi vyake, katika familia 7. Familia ya tatu ni mlango hasa: ukiguswa unafunguka, ayoni za sodiamu zinaingia, seli inasisimka papo hapo. Familia nyingine zote huamsha protini zilizo ndani ya seli, nazo huanzisha kazi ya polepole zaidi. Kipokezi kiitwacho 1A huituliza seli kwa kuruhusu potasiamu itoke. Kile cha 2A kwa kawaida huichangamsha. Kwa hiyo serotonini haina amri moja, na furaha haikai ndani yake kama sukari ndani ya muwa.

Sasa tuje kwenye kidonge chako. Fluoksetini huziba ile protini inayofyonza serotonini na kuirudisha. Inaanza kuziba tangu siku za mwanzo kabisa, na serotonini inabaki mwanyani muda mrefu zaidi. Basi kwa nini moyo bado mzito? Sababu mojawapo, iliyochunguzwa sana, iko kwenye zile seli za shina la ubongo. Nazo zina vipokezi vya 1A juu ya miili yao, vya kupima wingi wa serotonini zinayoitoa zenyewe. Vikiona imezidi, vinaiambia seli ipunguze kasi. Ndiyo maana mwanzoni ubongo wako unajizuia wenyewe. Dawa ikiendelea kila siku, vipokezi hivyo hupungua makali yake, breki inalegea, na seli zinarudi kufanya kazi zikiwa na serotonini nyingi zaidi mwanyani. Kubadilika huko kunachukua wiki. Watu wengi huanza kuona nafuu kati ya wiki ya 2 na ya 6, wengine baadaye kidogo. Ukiacha leo, utakuwa umebeba adha zote na kukosa faida.

Na hilo tumbo? Ni vipokezi vya familia ya tatu, vilivyo kwenye neva za utumbo, vinavyopata serotonini nyingi kuliko vilivyozoea. Ondansetroni, dawa wanayopewa wagonjwa wa saratani ili wasitapike, hufanya kazi kwa kuvizuia vipokezi hivyohivyo. Kwako kichefuchefu kwa kawaida hupungua chenyewe baada ya muda mfupi. Meza kidonge pamoja na chakula.

Ndizi za Matombo kula, mdogo wangu, ni chakula kizuri. Kweli zina serotonini. Lakini serotonini ya tumboni haivuki ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Hata ukimaliza mkungu, haifiki kwenye vipokezi tunavyovizungumzia.

Nakusihi mambo machache kwa uzito wote. Kama unatumia tramadoli kwa maumivu, au umewahi kuwa na siku ambazo hulali na bado unajiona una nguvu za ajabu, mwambie daktari kabla ya kumeza kidonge kingine. Tramadoli na fluoksetini pamoja zinaweza kuipandisha serotonini kupita kiasi, mtu akatetemeka, akapata homa na kuchanganyikiwa. Dawa za mitishamba nazo zitaje bila aibu. Na kwa walio chini ya miaka 25, wiki za mwanzo mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kwa baadhi yao. Yakikujia, usilale nayo. Mwamshe mtu usiku huohuo, mwende hospitali.

Jambo jingine lazima niliseme wazi. Haijathibitishwa kwamba sonona ni upungufu wa serotonini tu. Msiba, njaa, kipigo cha ndani ya nyumba, uzazi, vyote vinaingia humo. Dawa inasaidia wengi, na mazungumzo na mtaalamu yanasaidia pia. Viombe vyote viwili.

Umesema mjomba wako anataka mwende kwa mganga kwanza. Kwenu ukoo unafuata upande wa mama na neno la mjomba lina uzito, sikuambii ugombane naye. Mwombe kwa heshima akusindikize kliniki, amsikie daktari kwa masikio yake. Nimeona wajomba waliokuja na mashaka wakaondoka wakiwa ndio wanaokumbusha saa ya dawa.

Ukipata nafuu, usikate siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri kuendelea kwa miezi kadhaa baada ya kupona, kisha kupunguza taratibu chini ya daktari. Tarehe yako ya kurudi kliniki imeandikwa kwenye kadi. Panda gari la mjini siku hiyo, hata kama utakuwa unajisikia vizuri.