Konokono Aliyeishi Juu ya Krinoidi: Kusoma Ushahidi wa Visukuku

Watahiniwa wengi hukariri maana ya kisukuku vizuri kabisa. Swali linapokuja na mchoro na kuuliza "unajuaje?", hapo ndipo alama hupotea. Tutumie mfano mmoja kujifunza namna ya kujibu.

Platyceratidae ni familia ya konokono wa baharini iliyokwisha kutoweka. Wamo katika faila ya Moluska, ngeli ya Gastropoda. Visukuku vyao hupatikana katika miamba tabaka ya zama za Paleozoiki, kuanzia kipindi cha Ordovisi. Mwili laini wa konokono huoza upesi, kwa hiyo kilichobaki kwetu ni gamba tu. Kumbuka hilo, kwani kila tunachosema juu ya maisha yao lazima kitokane na gamba na mahali lilipokutwa.

Na mahali lilipokutwa ndipo penye utamu. Magamba mengi yamekutwa juu ya krinoidi, mnyama wa jamii ya kiti cha pweza ambaye wengi wa aina zake za kale walisimama juu ya shina sakafuni mwa bahari, wakinasa chembe za chakula kwa mikono yao. Mifano maarufu imechimbwa Crawfordsville, katika jimbo la Indiana, Marekani. Baadhi ya wachunguzi wa karne ya 19, walipoona mikono ya krinoidi imemzunguka konokono, walidhani krinoidi alikuwa akimla. Dhana hiyo haikusimama. Konokono alikutwa mara kwa mara mahali palepale: juu ya tundu la kutolea kinyesi. Tena ukingo wa gamba lake ulifuata mabonde na matuta ya kikombe cha krinoidi, kama kifuniko kilichochongwa kwa chungu kimoja. Gamba hukua polepole, kwa hiyo umbo hilo ni dalili kwamba konokono alitulia hapo kwa muda mrefu, na mwenyeji wake alikuwa hai wakati huo.

Basi alikula nini? Jibu lililozoeleka ni kinyesi cha krinoidi. Ikiwa ni hivyo tu, uhusiano wao ni ukomensali: mmoja hufaidika, mwingine hapati faida wala hasara. Lakini usikimbilie kuandika hivyo. Baadhi ya krinoidi waliobeba konokono walikuwa wadogo kuliko wenzao wa spishi ileile wasiobeba, na vikombe vichache vina matundu yaliyotobolewa chini ya konokono. Dalili hizo zinaelekea kwenye uvimelea, yaani mwenyeji alidhurika. Mtahiniwa anayetaja pande zote mbili pamoja na ushahidi wa kila upande humridhisha mtahini kuliko anayechagua upande mmoja bila sababu.

Mwisho wa kipindi cha Permi, takriban miaka milioni 252 iliyopita, viumbe wengi wa baharini waliangamia. Krinoidi nao nusura watoweke wote. Konokono anayemtegemea mwenyeji mmoja huwa hatarini mwenyeji huyo anapopungua.

Swali la mazoezi: Kisukuku cha krinoidi kimekutwa kikiwa na konokono juu ya kikombe chake. Toa sababu mbili zinazoonyesha kuwa konokono huyo hakuletwa hapo na mkondo wa maji baada ya kufa. (Alama 4)

Jibu: (i) Ukingo wa gamba umelingana na umbo la kikombe, jambo linaloonyesha kuwa gamba lilikua likiwa hapo. (ii) Visukuku vingi vina konokono mahali palepale. Mkondo ungewatawanya ovyo.

Kosa la kawaida: kuandika "kwa sababu konokono alikula kinyesi." Hilo ni hitimisho. Swali limeomba ushahidi, na jibu hilo halipati alama hata moja.