Somo kwa Makatibu: Picha ya Hali ya Kompyuta Pepe

Jioni, katibu wa chama cha msingi anapofunga daftari la mapokezi, hupiga mstari chini ya hesabu ya mwisho, akatia sahihi na tarehe. Kilichoandikwa juu ya mstari huo hakiguswi tena. Somo hili lahusu mstari wa namna hiyo unaopigwa ndani ya kompyuta. Mafundi huuita snapshoti; humu utaitwa picha ya hali.

Kwanza yafaa ieleweke kompyuta pepe ni nini. Ni kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine. Ina kumbukumbu yake, diski yake na mfumo wake wa uendeshaji, ila haina bati wala waya. Diski yake ni faili kubwa tu, lililohifadhiwa katika diski ya kompyuta halisi. Wazo lenyewe si geni: kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972 kwa ajili ya mitambo mikubwa. Siku hizi hata kompyuta moja ya ofisi huweza kubeba kompyuta pepe ya mahesabu, kwa kutumia programu isiyolipiwa kama VirtualBox.

Picha ya hali inapochukuliwa, watu wengi hudhani kwamba diski nzima imenakiliwa. Sivyo. Kwa kawaida faili la diski hufungwa lisiandikwe tena, na faili jipya, tupu, hufunguliwa kando yake. Ni kama katibu aliyefunga daftari akaweka karatasi safi juu yake. Maandishi yote ya baadaye huingia katika karatasi hiyo. Kompyuta inapotafuta habari, hutazama karatasi kwanza. Isipoikuta humo, hufunua daftari. Ndiyo maana picha huchukuliwa kwa muda mfupi sana.

Baadaye yapo mambo mawili ya kufanya, na hapa ndipo makosa huzaliwa. La kwanza ni kurudi kwenye picha: karatasi hutupwa, na daftari hubaki kama lilivyofungwa. La pili ni kuifuta picha: yaliyomo katika karatasi hunakiliwa ndani ya daftari, kisha karatasi huondolewa. Neno “kufuta” huwatisha wengi, kumbe kufuta picha hakupotezi kazi ya leo hata kidogo. Kinachoipoteza ni kurudi, neno linalosikika la upole.

Uchukuliwe mfano wa chama cha wakulima chenye ofisi Mshangano, mjini Songea, katika msimu wa ufuta. Mazao hupimwa, mkulima hupewa hati ya mapokezi, na mzigo hupelekwa ghalani kungoja mnada kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani. Jumamosi jioni, fundi anataka kubadili programu ya mahesabu. Anaizima kompyuta pepe, anachukua picha, ndipo anaanza kazi. Programu mpya ikikataa kufunguka, anarudi kwenye picha, na baada ya dakika chache ofisi iko kama ilivyokuwa. Hiyo ndiyo kazi halali ya picha ya hali, na hakuna chombo kinachoifanya vizuri zaidi.

Lakini tuseme programu inafunguka, na Jumatatu upimaji unaendelea. Picha ilipochukuliwa, hati ya mwisho ilikuwa namba 450. Hadi Jumatano jioni zimetolewa hati hadi namba 510, ndipo inagundulika kwamba programu mpya inakokotoa makato vibaya. Fundi anashauri kurudi kwenye picha. Akikubaliwa, kompyuta itaamini kwamba hati ya mwisho ni 450, na mkulima wa kwanza wa Alhamisi atapewa namba 451, ambayo tayari mkulima mwingine anayo mfukoni. Wakulima 60 hawatakuwamo katika hesabu, ingawa ufuta wao uko ghalani. Tena, kama maelekezo ya malipo yalikwisha kupelekwa benki, benki hairudi Jumamosi pamoja na kompyuta ya chama. Orodha ikiandaliwa upya bila uangalifu, yupo atakayelipwa mara mbili na yupo atakayekosa. Mkaguzi akija atakuta kilo zisizo na mwenyewe, na atakayeulizwa ni katibu, si fundi.

Kwa hiyo baada ya kazi ya chama kuanza tena, kurudi si uamuzi wa fundi peke yake. Aghalabu ni afadhali kosa la programu lirekebishwe lilipo. Ikilazimu kurudi, hati zote zilizotolewa baada ya picha zichapwe kwanza na kulinganishwa na vishina vya karatasi. Kisha ziingizwe upya kwa namba zile zile kabla mkulima mwingine hajapimiwa. Kibali cha kamati kiandikwe katika muhtasari.

Picha isikae muda mrefu. Faili la kando huendelea kukua, na likijaza diski halisi, kompyuta pepe husimama. VMware, kampuni ya programu za aina hii, ilishauri picha moja isitumike zaidi ya saa 72, na mfuatano wa picha usizidi mbili au tatu ingawa mfumo wake ulikubali hadi 32.

Na picha si nakala ya akiba. Karatasi bila daftari haina maana, na vyote viwili kwa kawaida hukaa katika diski ile ile. Radi ikiiunguza, au mwizi akiichukua kompyuta, picha 10 zitapotea pamoja nayo. Nakala ya akiba hukaa katika diski nyingine, nje ya jengo, na hujaribiwa kwa kufunguliwa. Isiyowahi kufunguliwa ni tumaini tu.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi: Je, katika chama chenu ni nani mwenye mamlaka ya kuamuru kurudi kwenye picha, na jambo hilo limeandikwa wapi? Nakala ya akiba ya mwisho ni ya tarehe gani, na ni nani aliyeifungua?