Dozi Ndogo za Vileta-Njozi: Masimulizi, Ushahidi na Tahadhari

Vileta-njozi ni dawa zinazobadili hisi, mawazo na utambuzi wa mtu kwa saa kadhaa. Miongoni mwake ni LSD, ambayo athari zake ziligunduliwa na mkemia Albert Hofmann nchini Uswisi mwaka 1943, na silosibini, kemikali iliyomo katika aina fulani za uyoga. Wanaotumia dozi ndogo humeza takriban sehemu moja ya kumi ya kipimo cha kawaida, wakitarajia utulivu wa moyo bila kuona njozi.

Utaratibu huu ulienezwa na vitabu kabla ya kupimwa vya kutosha. Mwaka 2011 mwanasaikolojia wa Marekani James Fadiman aliandika juu ya kumeza dozi hiyo siku moja na kupumzika siku mbili. Mwaka 2017 mwandishi Ayelet Waldman alisimulia nafuu aliyoipata kwa kutumia LSD mwezi mmoja. Masimulizi hayo huonyesha kwamba nafuu ilikuwapo, hayaonyeshi kilichoileta.

Mwaka 2021 Balázs Szigeti na wenzake wa Imperial College London walichapisha utafiti wa washiriki 191. Washiriki waliandaa kapsuli zao wenyewe kwa utaratibu uliowazuia kujua ipi ina dawa na ipi ni tupu. Baada ya wiki nne, waliomeza dawa walijisikia vizuri zaidi. Waliomeza kapsuli tupu pia walipata nafuu, na tofauti kati ya makundi hayo haikuwa ya maana kitakwimu. Sehemu kubwa ya nafuu, basi, ilitokana na matarajio.

Funzo hili lina uzito hata katika kata ya Mkotokuyana. Habari kwamba uyoga hutibu sonona hufika kwa simu, nayo misitu ya miombo ya Nachingwea na Ruangwa huota uyoga mwingi wakati wa mvua. Baadhi huliwa, baadhi huua. Sumu ya uyoga hatari zaidi haiishi kwa kupikwa. Kutapika na kuharisha huweza kuanza baada ya saa 6 hadi 24, kisha mgonjwa huonekana kupata nafuu huku ini likiharibika. Aliyekula uyoga asioujua apelekwe hospitali mara moja, hata kama hajaanza kuumwa, na sampuli ya uyoga huo ichukuliwe.

Mgonjwa wa sonona asiache dawa alizoandikiwa ili kujaribu vileta-njozi. Anayetumia lithiamu yumo hatarini zaidi, kwani mchanganyiko huo umehusishwa na degedege. Aidha, kumiliki LSD au silosibini ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015.

Mtoa huduma naye aulize bila kukemea, maana anayekemewa huficha. Amsikilize mgonjwa, ampangie siku ya kurudi, na ampe rufaa mapema anapotaja kujidhuru. Matumaini yana nguvu ya kuponya. Yajengwe juu ya tiba iliyothibitishwa.