Baada ya mshtuko wa moyo, chumbani je?

SWALI: Daktari, mume wangu alipata mshtuko wa moyo miezi miwili iliyopita. Tangu hapo hatugusani kwa hofu. Je, tendo la ndoa litamdhuru?

JIBU: Hofu hiyo huwapata wengi, na wengi huinyamazia. Mwaka 2012 Shirika la Moyo la Marekani lilieleza kwamba mgonjwa asiye na matatizo mengine anaweza kurejea tendo la ndoa hata wiki moja au zaidi baada ya mshtuko, mradi shughuli za wastani hazimletei maumivu ya kifua wala kukosa pumzi. Kipimo chepesi ni kupanda ngazi za ghorofa mbili. Mishtuko inayotokea wakati wa tendo haifiki asilimia 1 ya yote.

Hatari kubwa iko kwenye vidonge vya nguvu za kiume. Anayetumia dawa za naitreti, zikiwemo zile za kuwekwa chini ya ulimi, asiguse kabisa sildenafil: shinikizo la damu laweza kuporomoka ghafla. Na akihisi dawa za moyo zinampunguzia nguvu hizo, asiziache kimyakimya. Amweleze daktari wake.

Kisha kuna wenzake waliopona. Huko Boston, mwaka 1951, wagonjwa wanne wa Dkt. Dwight Harken waliofanyiwa upasuaji wa moyo waliasisi Mended Hearts, kundi la kutiana moyo. Aliyepitia njia hiyo huzungumza wazi yale ambayo wengi huona haya kuyauliza kliniki. Mume akipata wenzake wa namna hiyo, mke naye akae nao.